Maneno ya Raphaël

Mwaka 1989 Pulchérie alikuwa karani wa misheni moja ya Baraka. Kwenye disketi moja, maana disketi ziliadimika, alikuwa amechapa maneno elfu mbili ya Kibembe ambayo marehemu mume wake, Raphaël, aliyakusanya Lubondja kwa miaka kumi. Madaftari yenyewe wanajeshi waliyachukua kwenye kizuizi cha Swima, wala hayakurudi.

Wachapaji aliowapelekea wayatoe kama kitabu waliirudisha disketi pamoja na barua. Kila mstari uliishia kwa alama isiyoonekana, ya kurudi mwanzo wa mstari, ambayo mashine zao hazikuitaka. Walimwandikia amri fupi ya kompyuta ya kuifuta, iitwayo tr: ataje faili ya kusomwa, kisha faili mpya ya kupokea.

Pulchérie aliwasha jenereta asubuhi. Akataja jina lile lile mara mbili, akidhani faili itajisafisha yenyewe. Kumbe mashine iliimwaga kwanza ili ipokee, ikakosa cha kusoma. Alipoifungua ilikuwa tupu.

Pasta Anatole akaingia. "Mama Pulchérie, kazi imeisha?"

"Alama zimetoka, Pasta. Na maneno yote yametoka."

"Hakuna disketi ingine?"

"Iko hii tu."

Pasta akavuta kiti. "We ulikuwa unamusikia Raphaël kila siku. Unakumbuka mangapi?"

"Sijui."

Akachapa mpaka petroli ikaisha. Maneno yalifika mia mbili na kumi na moja. Mengine aliisikia kabisa sauti ya Raphaël akiyatamka, lakini maana yake hakuipata.