Mpunga wa Kwenye Magadi

Nilipoolewa Kintinku, enzi za Mwingereza, baba mkwe alinikatia shamba bovu kuliko yote bondeni. Kiangazi chumvi ya magadi ilipanda juu ya udongo, nyeupe pee, ng'ombe wakaja kuilamba. Mwanamke asiye na shamba hana ghala lake, na asiye na ghala huomba hata unga wa uji kwa mama mkwe. Mimi niombe? Thubutu!

Mwaka wa kwanza mpunga ulikauka karibu wote. Yalibaki mashina machache, membamba, pale pale penye weupe. Nikakata masuke yake kwa kisu, moja moja, nikayaning'iniza juu ya mafiga yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yangu.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Mbegu huchaguliwa nono, wewe! Hayo makapi ndiyo utapanda?"

"Ndiyo, mama. Haya yameshaionja chumvi na hayakufa. Hizo nono zako zingeweza?"

Akaniita mwenye mdomo. Sawa, ninao. Nikapanda, nikachagua tena yaliyopona, nikapanda tena. Kila msimu mpunga uliongezeka kidogo, lakini baba mkwe akachoka kungoja. Akamtuma mume wangu aniambie kwamba mvua zijazo shamba lile ni la ng'ombe. Mume wangu aliniambia akiangalia chini. Nilimkasirikia, jamani, we acha tu!

Mvua ziliponyesha nikapanda hivyo hivyo. Mpunga ulikuwa umefika magotini niliposikia kengele za ng'ombe. Baba mkwe alikuwa akiwaswaga mwenyewe. Kwa desturi yetu, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye; ukikutana naye unapisha, unainama kando ya njia. Mimi nikasimama katikati.

"Shikamoo, baba. Ng'ombe wako wasiingie. Mpunga wangu uko hai."

Alishtuka utadhani kapigwa kofi. Akatazama jaruba lote la kijani, akatazama pembeni, kisha akalipigia mluzi dume la mbele. Kundi likageuka.

Nilisemwa kijiji kizima: mkwe gani huyu asiye na haya! Waseme tu. Mama mkwe hakuonja wali wangu mpaka tunamzika. Shauri yake. Nilijenga ghala mlangoni kwangu, nikalijaza.