Mgomba wa Eliya

“Nimenunua nyumba na kona zake zote,” baba alisema. “Hakuna kona ya mtu mwingine humu.”

“Ile hukuinunua,” mama akamjibu. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua uso. “Mwenyewe alikwambia usubiri, ukaitikia. Nilikuwepo.”

“Niliitikia kwa heshima tu. Yule ni bibi wa watu.”

“Basi endelea na hiyo heshima.”

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja wakati huo, nimekaa kizingitini katikati yao, na ugomvi ule nilikuwa nimeusikia mara nyingi hadi nikajua nani atafuata kusema nini. Tulikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba yetu mpya ya Usangi, juu milimani. Kabla ya hapo tulipanga vyumba viwili huko chini, Same mjini, ambako maji tuliyafuata kwa madumu na mmea pekee wa mama ulikuwa mchaichai ndani ya kopo la rangi. Baba ni fundi wa kujenga. Amejengea watu nyumba nyingi, na alitaka nyumba yenye bustani kabla hajazeeka. Akaipata ya Bibi Naelijwa, mjane aliyekuwa anahamia Same kuishi na binti yake. Kwa hiyo tulipishana, yeye akashuka na sisi tukapanda.

Siku ya kukabidhiana, Bibi Naelijwa alitutembeza bustanini mwake kama mtu anayeaga wagonjwa wodini. Aligusa kila kitu. Mibuni hii imezeeka lakini msiikate, bado inazaa. Magimbi haya yaacheni kando ya mfereji, yanapenda miguu yao ilowe. Maji ya ndiva, lile bwawa la kijiji, huja kwenu Jumanne na Ijumaa, na msipoyapokea yanapita. Tulipofika kona ya juu, pale mfereji unapoingilia, akasimama. Palikuwa na shina la mgomba lenye machipukizi mengi, limezungushiwa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo huku kwetu huoteshwa mipakani na mahali pa kuheshimiwa.

Alituambia kwamba chini ya mgomba ule alizika kitovu cha Eliya, mwanawe wa kiume wa pekee. Eliya alikuwa ameondoka miaka sita nyuma kwenda machimboni, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Anayehama, bibi alisema, hukata chipukizi la mgomba wa mtoto wake akalipande anakokwenda, ili mtoto naye apate pa kurudi. Lakini kilikuwa kiangazi, na Same chipukizi lingekauka siku ya pili. Angelifuata mvua zikianza.

“Mpaka nije, msiuguse,” alisema. “Mgomba ukifa, mtoto haoni njia ya nyumbani.”

Baba aliitikia. Lakini wiki haikuisha kabla hajaanza kuitazama kona ile kwa jicho la fundi. Maji yalikuwa yanaingilia pale. Matuta ya kabichi yangekaa pale na si kwingine. Tena yeye alikuwa Mkristo, alisema, na hawezi kutembea kwa kunyata ndani ya bustani yake kwa sababu ya kitovu cha mtu mzima. Mama naye alikuwa Mkristo, na kwa maoni yake ahadi ni ahadi. Baba alifanya kazi Same na kupanda kwetu Jumamosi, kwa hiyo kila Jumamosi nyumba yetu mpya ilinuka udongo wenye maji na maneno ya mgomba ule.

Mimi sikuwa na mtu wa kumwambia. Shuleni walinipa jina la Vumbi, kwa kuwa nilitoka chini kwenye ukame. “Vumbi, leo umeoga?” waliniuliza asubuhi, na jibu lolote nililotoa liliwachekesha. Mchana nilirudi peke yangu kwenye ukungu, nikakaa bustanini nikasikiliza mfereji. Ndipo nikapata wazo ambalo hata leo nakumbuka jinsi lilivyonifurahisha. Niliona kwamba wazazi wangu hawakuwa na ugomvi wowote isipokuwa mgomba. Mgomba ukiondoka, ugomvi utaondoka.

Ilinichukua alasiri tatu. Mama alikuwa anakwenda kusaidia mavuno ya maharage kwa jirani, naye hurudi jua likizama, asifike kona ya juu. Nilichimba kwa jembe la palizi, nikakata mizizi kwa panga, nikayang'oa machipukizi moja moja. Vigogo na majani nilivibeba hadi zizini kwa Mama Nuru, jirani wa chini, anayefuga ng'ombe wa ndani. Alinishukuru na kunisifu kuwa ni mtoto mchapakazi. Masale niliyatupa mferejini. Siku ya tatu nilisawazisha udongo vizuri sana kwa mikono, hata nikachora mistari ya matuta.

Mama alipofika nilimpeleka akaone, akasimama pale konani muda mrefu bila kuvua kanga ya kichwani. Nilisubiri aseme. Aliniuliza jambo moja tu, machipukizi nimeyapeleka wapi. Tukashuka mbio kwa Mama Nuru. Ng'ombe alikuwa amekula yote, ila moja lililoanguka nyuma ya zizi, dogo kama mkono wangu, limekwaruzwa upande mmoja. Tulilirudisha kwenye shimo lake jioni ileile. Mama akaokota isale moja lililokwama kwenye mawe ya mfereji, akalipanda pembeni.

Jumamosi baba alikuta kona imesafishwa na katikati yake kijichipukizi kimesimama. Aliangalia, akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Hakulima kabichi. Na ni kweli hawakugombana tena juu ya mgomba, wala juu ya kitu kingine chochote, kwa sababu waliacha kuzungumza isipokuwa inapobidi. Baba alianza kuruka Jumamosi, mara moja, mara mbili, halafu nikaacha kuzihesabu. Sasa nikikumbuka zile kelele za mwezi wa kwanza, naona zilikuwa sauti za watu wawili waliokuwa bado wanaipenda bustani moja. Nilizing'oa mimi kwa jembe la palizi.

Mvua zilipoanza, Bibi Naelijwa alikuja kama alivyoahidi, na gunia la kubebea chipukizi amelikunja kwapani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yameshafika konani. Mama alimletea jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Bibi alilipokea. Kisha akauliza ni nani, nami nikasema ni mimi.

Hakunikemea. Alichuchumaa mbele ya lile chipukizi, akalishika jani lake jipya.

“Limebaki moja,” alisema. “Nikilichukua, kitovu cha mwanangu kitakaa peke yake. Acha likae. Na wewe ukae nalo. Eliya akija, akute mtu.”

Alirudi Same na gunia tupu. Pengine mtu mwingine angeyachukua maneno yale kama maneno ya bibi tu. Mimi niliyachukua kama zamu. Kila Jumanne na Ijumaa nilifungulia maji kona ile kwanza. Mtu akipiga hodi na sauti ikiwa ngeni, nilitoka mbio kumwangalia kama ana sura ya bibi.

Nikiwa kidato cha pili mama alipooza upande mmoja. Baba alituma alichoweza, lakini wa kumgeuza na kumlisha nilikuwa mimi, na kwa hiyo shule iliishia hapo. Sisemi kwamba ni mgomba ulionitoa shule. Najua kiharusi ni nini, daktari alinieleza. Lakini mama alipofariki mwaka jana, na mdogo wake anayekaa Same akanipigia akasema nishuke, kuna darasa la watu walioacha shule, nitakaa kwake, nilimjibu kwamba nitafikiri. Alidhani naogopa masomo. Sikuweza kumwambia kwamba namsubiri mtu nisiyemjua. Mgomba wakati huo ulikuwa umezaa mara kadhaa na kujaa machipukizi, nami nilipika ndizi zake nikala peke yangu, sufuria dogo, sahani moja.

Mwezi uliopita alinipigia tena, akasema darasa linajaa. Ndipo nikashuka, nikaenda kwa Bibi Naelijwa kuomba ruhusa.

Nilimkuta amekaa ndani karibu na mlango, macho yamefifia. Upepo wa Same ulikuwa unapiga vumbi dirishani. Nilimwamkia, nikamwambia ni Namsifu, wa ile nyumba ya Usangi. Alifurahi. Aliuliza habari za mibuni, za magimbi, kama maji bado ni Jumanne na Ijumaa. Kisha nikamkumbusha kwamba aliniambia nisiondoke mpaka Eliya aje.

“Mimi nilisema hivyo?”

“Ndiyo, bibi.”

“Mwanangu, Eliya alikuja. Mwaka juzi. Alikaa siku tatu hapahapa. Nikamwambia apande juu akaone kwao, akasema huko juu hana kitu.” Alipangusa magoti yake ingawa hayakuwa na kitu. “Njia hakuiona.”

Nilikaa na kikombe cha chai mkononi. Nilitarajia kusikia hasira ndani yangu, lakini nilichosikia ni kama maji yanapokatika mferejini, ule ukimya unaokuambia kwamba kumbe muda wote kulikuwa na sauti. Kama alikosa njia kwa sababu yangu, sijui. Huenda angekataa kupanda hata shina zima lingekuwepo. Ninachojua ni kwamba katika bustani ile mtu aliyekutwa ni mimi. Mtoto aliyeng'oa nyumbani kwa mwingine alipewa kukaa pale, akapalilia, akamwagilia, akazika mama yake hatua ishirini kutoka hapo, na bila kujua mahali pakawa pake.

Niliaga. Bibi akasema atanisindikiza, ingawa kwake kusindikiza kulikuwa ni hatua nne. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatafuta bega langu hadi akalipata.

“Utaondoka kule?” aliniuliza.

Nikamwambia nadhani nitaondoka.

“Basi usitoke mikono mitupu,” alisema. “Kata chipukizi, uende nalo.”