Mama Spana na Gari Lililougua Asubuhi

Kama hukuwahi kumsikia Mama Spana akijisifu, basi hukuwahi kupita mtaa ule. "Gari likitoka mikononi mwangu halirudi na ugonjwa uleule." Hilo aliwaambia wateja, akamwambia muuza vipuri, akamwambia mumewe fundi cherehani wakiwa mezani, na siku moja akamwambia mtu aliyesimama getini kuulizia njia tu. Na tuseme ukweli, alikuwa na la kujisifia. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala chini ya magari ya watu. Wenye gereji walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu wakawa wanampelekea kimyakimya magari yaliyowashinda.

Mpinzani wake aliyebaki alikuwa mmoja tu, jirani wa mtaa wa pili. Watu walimwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe na kompyuta yake kubwa ya kupimia magari. Mama Spana alisema mtu mwenye koti jeupe kwenye gereji ni mtu asiyefanya kazi. Daktari alisikia, na wakawa wanasalimiana kwa kidevu.

Basi Jumatano moja jioni, katikati ya majira ya baridi, mkunga wa kliniki akaingia uani na gari la kazi, uso umekunjamana. Huyu ndiye aliyemzalisha Mama Spana watoto wake wote watatu, kwa hiyo kati yao hapakuwa na kuoneana haya.

"Taa ya injini imewaka tena," mkunga alisema, hata kabla ya salamu. "Asubuhi nikiwasha, inawaka, gari linatetemeka kama mwenye homa. Nikifika kwa Daktari limetulia tuli. Mara mbili amebadilisha sensa, kile kifaa kinachopima hewa ya injini, mara mbili ameandika kwamba limepona. Sasa nimechoka. Kesho saa nne mkaguzi wa magari ya kliniki anakuja, na mimi namleta hapahapa. Wewe ukiupata ugonjwa, Daktari anafutwa kwenye orodha ya gereji za kliniki, unabaki wewe."

"Na nisipoupata?"

"Utaupata. Si wewe unayejipiga kifua mtaa mzima?"

Kichwa cha Mama Spana kilivimba hapohapo, tusimfichie. Kumwangusha Daktari mbele ya mkaguzi, tena kwenye uwanja wa Mama Spana mwenyewe! Alijikaza asitabasamu. Akamwambia mkunga azime injini na asiiguse tena, kisha wawili wakalisukuma gari kwa mabega hadi sehemu ya wazi ya uwanja, pua ikielekea upepo unakotoka.

"Kwa nini tusukume na funguo ninazo?" mkunga aliuliza, akihema.

"Kwa sababu nyie wote mnafanya kosa moja. Unaliendesha mpaka gereji, fundi analiwasha tena kuliingiza ndani, na likifika kwenye kompyuta injini imeshapata joto, ugonjwa umejificha. Gari linalougua baridi lipimwe lingali baridi. Nenda kalale, dada."

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa uani, koti juu ya koti. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe kwa ukungu, na vyuma vilikuwa vinauma vidole. Alichomeka kimashine chake kidogo chini ya usukani, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kutetemeka, na haikuchukua muda taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Mashine ikasema kilekile ambacho kompyuta ilikuwa imemwambia Daktari: hewa nyingi, petroli kidogo. Daktari alipoona hivyo akabadilisha sensa. Mama Spana alipoona hivyo akajua kuna tundu mahali linalovuta hewa ya wizi, na mashine haiwezi kukuonyesha lilipo. Hilo unalitafuta mwenyewe.

Aliingia ndani akachukua chupa ya kupulizia maji ambayo mumewe hutumia kupigia nguo pasi. Akaanza kunyunyiza, kiungo kimoja baada ya kingine, sikio karibu na injini. Bomba kubwa, kimya. Shingo ya bomba, kimya. Alipofika nyuma kabisa, kwenye mpira mwembamba wa hewa wenye urefu wa shibiri, maji yakanyonywa na injini ikatulia, sekunde tatu hivi, kisha ikarudi kutetemeka. Akanyunyiza tena. Ikatulia tena.

"Nimekupata," alisema, na furaha ikampanda hadi kooni. Akawa anamwona Daktari amesimama mbele ya mkaguzi, koti lake jeupe limemkaa vibaya. Alizima injini, akauchomoa ule mpira. Kwa baridi ulikuwa umekauka kama kijiti, ncha moja imepasuka. Kila ulipopata joto ulilainika, mpasuko ukajifunga, na gari likapona lenyewe.

Mumewe alitoka na vikombe viwili vya chai. Akautazama ule mpira mkononi mwa mkewe, akainamisha kichwa kidogo.

"Huu si ule ulioukata siku ile ya jua kali?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyekushikia tochi."

Mama Spana aliugeuza mpira, akauangalia upya. Kweli. Miezi mitano nyuma mkunga alikuja mbio, ana mgonjwa milimani, na mpira wa hewa umekatika. Dukani hapakuwa na wa aina yake. Mama Spana akakata kipande cha mpira wa kurushia maji kwenye kioo, akakisukumiza pale, akasema ni cha muda tu. Wiki ileile akanunua mpira halisi. Alikwenda akafungua droo ya pili ya meza yake ya vifaa, na mpira ulikuwa umo, ndani ya karatasi yake. Alikuwa ameusahau.

"Mimi nashona nguo," mumewe alisema taratibu, akiweka kikombe juu ya boneti. "Mambo ya mipira siyajui. Sijaona kitu."

Mama Spana alikiacha kikombe palepale. Alifunga mpira halisi, akafuta kosa kwenye mashine, akaliacha gari lipigwe na upepo mpaka saa nne.

Mkunga alikuja na mkaguzi, mwanamume mfupi mwenye jalada kwapani. Daktari naye alikuwa ameitwa. Alisimama getini, mikono mifukoni. Mama Spana akawasha gari likiwa baridi. Injini ikashika mara moja na kutulia. Waliisubiri taa robo saa nzima, haikuwaka.

"Kwa hiyo gereji ya kwanza ilishindwa mara mbili," mkaguzi alisema, akifungua jalada. "Mama, niambie ulichokuta, niandike."

Daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Neno moja tu lilitosha. Hata uongo lisingekuwa, maana mpira ulipasuka na Daktari hakuuona. Mama Spana aliuchukua mpira uliopasuka. Hakuwa amewahi kuona aibu kama ile, na alijua itazunguka mtaa kabla ya mchana.

"Andika vizuri," alisema. "Daktari alibadilisha sensa zisizo na kosa, hilo ni lake. Lakini ugonjwa nilioutoa leo niliuweka mimi. Nilifunga mpira usio wake, nikasahau kuubadilisha. Huu hapa, uangalie."

"Mama Spana," mkunga alisema kwa sauti ya chini, "unajua unachosema?"

"Najua."

Mkaguzi aliugeuza mpira mkononi. "Gereji iliyosababisha kosa inatoka kwenye orodha miezi sita. Sio mimi, ni sheria."

"Basi nitoe. Nionyeshe pa kutia sahihi."

Alitia sahihi kwa maandishi mapana yaliyojaza mstari mzima. Alipoinua uso aliona fahari ambayo hakuitegemea, nzito na tulivu, na hakuwa na hamu ya kumwambia mtu yeyote. Mkunga aliegemeza kiganja chake begani kwa Mama Spana kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaondoka. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Miezi ile sita ilikuwa migumu, na mtaa haukumwonea huruma. Muuza vipuri alimuuliza kila wiki kama anataka mpira wa kurushia maji kwenye kioo. Alicheka naye, kwa sababu angefanya nini.

Wiki ya tatu, asubuhi yenye ukungu, Daktari aliingia uani kwa miguu, hana koti. Nyuma yake vijana wawili wa gereji yake walikuwa wanasukuma gari lake mwenyewe, lile analowapelekea wanawe shule.

"Taa imewaka," alisema. "Linatetemeka likiwa baridi. Nimelipima siku nne."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta imeniambia mengi. Haijawahi hata siku moja kuniambia kwamba kosa ni lake, wewe ulisema." Akamnyooshea ufunguo. "Lipime wewe."

Mama Spana aliupokea. Akaenda kufungua boneti.