Picha za Mishipa ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa mwalimu Chang'ombe, hajafika miaka thelathini, alipoanza kuangusha vikombe kwa mkono wa kulia. Kipimo cha CT kilionyesha makovu mawili ya kiharusi, lakini hakikueleza yametokana na nini. MRI ikaongeza la tatu. Mwishowe wakamchoma dawa inayong'arisha mishipa ya damu, wakampiga picha upya, na daktari akazibandika kwenye ubao wa taa. Mishipa miwili mikubwa ya ubongo ilikuwa inajifunga. Kando yake ilikuwa imeota mingine, myembamba kama nywele. Ni ugonjwa wa nadra, alisema. Upasuaji ungeweza kusaidia, ila hospitali ya rufaa hutanguliza wale ambao mishipa yao inajifunga haraka, na hilo hujulikana kwa kulinganisha picha za leo na za miezi sita baadaye.

"Zitunzeni sana hizi," alituambia.

Mama akaondoka na bahasha ya picha kwenda nayo kijijini kwetu, Haneti. Sikumuuliza ataiweka wapi.

Miezi sita ilipotimia, mama alikuja na bahasha ameifunga ndani ya khanga. Daktari alimwamkia shikamoo, akachomoa picha, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tii. Ya pili nayo nyeusi. Akauliza zilikaa wapi.

"Darini, juu ya mafiga," mama alijibu, akionekana kuridhika. "Ndiko iliko mbegu yangu ya mtama. Pale hata mdudu hagusi."

Daktari alieleza kwa upole kwamba picha hizo huchapwa kwa joto, na joto huziharibu. Nakala za kwenye kompyuta zilikuwa zimepotea mashine ilipoharibika. Nikaigeuza bahasha. Nyuma kulikuwa na onyo la Kiingereza kwa herufi ndogo: weka mbali na joto. Mama hasomi Kiingereza; mimi nakisoma.

Rufaa walijibu kwamba apigwe picha mpya, tusubiri miezi sita mingine, walinganishe upya. Baada ya miezi minne kiharusi kikamchukua mdogo wangu upande mzima, na maneno yote. Picha za siku ile hazikuhitaji kulinganishwa na chochote. Daktari alisema sasa hakuna cha kupasua.

Yuko Haneti. Mama humlisha uji kwa kijiko, na wageni wakija huwaambia kwamba yeye ndiye aliyemuunguza mwanawe. Nimemweleza mara mbili kuhusu yale maandishi. Anadhani namfariji tu.