Siku Niliyoishtaki Levo ya Tano

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu mtaa wetu mzima wa Timbwani, huku Likoni, wanayo tayari habari hii na mkienda kuiulizia huko mtapewa na chumvi juu: ndiyo, ni mimi Swaleh niliyeitisha mkutano wa mtaa kuishtaki gemu ya simu, na ndiyo, niliaibika mbele ya shangazi yake mchumba wangu hata nikatamani sakafu ya ukumbi ipasuke inimeze. Chekeni kwanza. Nitangoja.

Mmemaliza? Haya.

Gemu yenyewe inaitwa Wahi Feri, na aliyeitengeneza ni Hamida, binti wa mtaani kwetu aliyesomea mambo ya kompyuta, yeye na wenzake wawili. Ni kijana anatoka kwao asubuhi anakimbia vichochoroni mwa Likoni, anaruka mitaro, anakwepa mikokoteni na mbuzi, shida yake moja tu afike kwenye feri kabla geti halijafungwa. Tamu sana. Levo nne za mwanzo nilizimaliza kwa siku mbili, nikajiona bingwa, nikaanza hata kuwafundisha wenzangu pale maskani namna ya kukata kona. Kisha nikaingia levo ya tano, na levo ya tano ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Haipitiki. Nilikimbia kushoto, nikakimbia kulia, nikaruka juu ya mbuzi, nikapita chini ya kamba za nguo, lakini kila nikifika geti linafungwa zimebaki hatua mbili, wala hakuna kinachokuambia umekosea wapi. Hakuna alama, hakuna mshale, hakuna neno. Kuna nyumba, kuna kona, na pale konani kuna mama mzee anakaanga viazi karai, na kila ukimpita mbio yule mama anainua kichwa anakutazama. (Mimi nilidhani ni pambo. Hilo liwekeni akilini.)

Nilicheza kitandani, nilicheza kazini wakati wa chai (nafanya kazi ng'ambo ya pili ya feri, kisiwani, ofisi ya kutoa makontena bandarini), na zaidi ya yote nilicheza asubuhi nikitembea kwenda kupanda feri ya kweli, vipaza vimo masikioni kama kawaida yangu tangu kabla ya gemu, kichwa chini, kidole kwenye kioo. Miguu ilikuwa inajua njia yenyewe.

Sasa wakati huohuo wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa kina Zuhura, kule Shika Adabu, na wao wakajibu kama watu wastaarabu wanavyojibu: tumepokea, tupeni muda, twauliza. Nyinyi mnajua maana ya kuuliza. Anatumwa mtu mmoja wa upande wa mke, aje mtaani kwako polepole, akae na majirani zako, aulize: huyu kijana aswali? Alewa? Aishi vipi na watu? Aliyetumwa ni shangazi yake Zuhura, Bi Rehema, mwanamke mfupi mwenye macho ya mhasibu wa benki. Nilijua kwamba ndiye, wala sikuwa na wasiwasi, kwa sababu pombe sijui inavyonuka, majani ya muguka sitafuni, na tena mimi ni mtoto wa hapahapa, babu yangu kazikwa hapa. Adabu kwetu ni asili. Nilikuwa na mazoea hata ya kumhubiria jirani yangu Kioko, Mkamba anayefanya kazi kiwandani Changamwe, nikimwambia nyinyi watu wa bara ni wema lakini salamu hamna.

Kioko huyohuyo ndiye aliyekuwa ameipita levo ya tano. Alikuwa levo ya tisa.

"Umepitaje?" nikamuuliza.

"Nilipita tu, bana."

"Haipitiki hii, Kioko. Ni mbovu. Lazima waliotengeneza wairekebishe."

Akacheka. "Iko sawa. Wewe ndio uko na haraka."

Basi hapo ndipo mkasa ulipozaliwa. Ningemwambia, "Ndugu yangu, nionyeshe," mambo yangeisha palepale mlangoni kwake na mimi nikaenda zangu kulala. Lakini niombe kufundishwa njia za Timbwani na mtu wa Machakos? Mimi? Nikaenda kwenye ukurasa wa gemu nikaandika: "Levo ya tano ni mbovu. Irekebishwe haraka. Huu ni udanganyifu."

Watu wa maskani wakaniunga mkono, maana wote walikuwa wamekwama kama mimi, na kuungwa mkono ni kitu kibaya sana kwa mtu mwenye kichwa chepesi. Nikaandika waraka. Nikapitisha, wakatia sahihi wanaume wa mtaa, vijana kwa watu wazima, karatasi mbili zikajaa. (Wanawake na watoto hatukuwauliza. Jambo zito kama lile utamuuliza mtoto?) Nikaupeleka kwa Hamida kwa simu, na Hamida akajibu kwa upole: "Shikamoo kaka Swaleh. Nitakuja ukumbini Jumamosi baada ya Alasiri, tuicheze ukutani mbele ya watu wote. Ikionekana ni mbovu nairekebisha palepale." Mimi nikamjibu neno moja: "Sawa." Hata marahaba sikumpa. Mnaona? Ishara zilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa sizioni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nilivaa kanzu niliyoshonewa kwa ajili ya ndoa, nikatia na mafuta mazuri, kwa sababu nilikuwa nimepata habari kwamba Bi Rehema yupo mtaani tangu mchana na angekuja na mwenyeji wake, Bi Mwanaidi, yule mama aliyehamia mtaani mwaka jana, anayeuza viazi karai konani kwetu. Nikafurahi, wallahi. Nikasema leo shangazi hatasimuliwa, atajionea kwa macho yake jinsi mkwe wake anavyosimama kutetea haki za wanyonge.

Nikahutubu. Nikasema mchezo usiomwambia mtu kosa lake ni dhuluma. Nikasema mtu akitengeneza mlango usiofunguka, asiseme mgeni hajui kubisha hodi. Nikapigiwa makofi, nikanogewa, nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniomba: "Akitokea mtu yeyote humu ndani akaipita levo hii mbele yetu, mimi nitamuomba radhi Hamida hapahapa, kwa sauti!"

Hamida akauliza taratibu, "Kaka Swaleh, nikiirekebisha, nirekebishe nini hasa?"

"Mumpe mtu nafasi afike!" nikasema, na makofi tena.

Basi akaunganisha simu na projekta, levo ya tano ikatokea ukutani kubwa kama sinema, akanipa simu nianze. Nikakimbia. Geti likafungwa. Nikakimbia tena, kwa ufundi, nikaruka mtaro mara mbili. Geti likafungwa. Mara ya tatu nilikimbia hata mimi mwenyewe jasho likanitoka kanzuni, na ukutani yule mama mzee wa viazi, mkubwa kuliko mlango, akainua kichwa akanitazama nikipita, kisha geti likafungwa. Nikageukia watu nikanyoosha mikono, kama wakili aliyemaliza kutoa ushahidi.

Lakini upande wa wanawake kulikuwa na mnong'ono ambao sikuuelewa, na watoto waliokaa mbele walikuwa wameziba midomo kwa viganja.

"Hebu nipe mimi hiyo simu." Alikuwa Bi Rehema. Amesimama.

"Shangazi, hii ina kasi kidogo," nikamwambia kwa huruma. "Itakuchosha."

"Nipe, baba."

Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na uso, akaweka kidole kimoja. Yule kijana ukutani hakukimbia, alitembea. Watu wa maskani wakaanza kucheka, na mimi (Mungu anisamehe) nikatabasamu. Akatembea hadi konani, akafika kwa yule mama wa viazi, Bi Rehema akanyanyua kidole, kijana akasimama. Mimi katika kucheza kwangu kote sikuwahi kusimama. Kusimama si ndiyo kuchelewa?

Yule kijana wa ukutani akainamisha kichwa, na sauti ikatoka kwenye spika: "Shikamoo, bibi."

Na mama wa viazi akajibu, ukumbi mzima ukasikia: "Marahaba, mwanangu. Mbona wakimbia? Pita huku uani."

Akafungua mlango. Kijana akapita uani, akatokea upande wa pili, mbele yake feri, na geti liko wazi kabisa, na nafasi ya kusimama bado ipo.

Sitawaeleza kelele zilizopigwa. Watoto walikuwa wanaijua siku zote, wanawake walikuwa wanaijua, Kioko alikuwa ameegemea mlango anapangusa machozi. Na mimi ndiyo kwanza ninaanza kuitambua ile sauti kwenye spika, maana mwenye sauti alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa Bi Rehema, mkononi ana upepeo anajipepea: Bi Mwanaidi mwenyewe. Hamida alikuwa amemrekodi.

Ningeomba radhi wakati ule nikatoka, pengine ningebakiwa na kitu. Nilifungua mdomo. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa ameniangalia muda mrefu, amekunja uso kama mtu anayetafuta jina, akamuuliza Bi Rehema kwa sauti ya watu wazima wanaodhani wananong'ona:

"Rehema, yuno ndiye kijana mliyekuya kumuuliza?"

"Ndiye."

"Subhanallah. Kumbe asikia?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Yuno hupita mlangoni kwangu kila siku asubuhi," akasema Bi Mwanaidi, na wallahi hakusema kwa ubaya, alisema kwa furaha ya kweli. "Namwambia sabalkheri mwanangu, kimya. Namwita, haitiki. Nikawaambia watu wa nyumbani, masikini, mtoto wa watu ni kiziwi. Mwaka mzima namuombea dua! Alhamdulillahi, kumbe wasikia!"

Nimewahi kuanguka mtaroni mbele ya watu. Nimewahi kupasukwa na suruali kwenye foleni ya feri. Zote zile ni sherehe. Nilimuomba Hamida radhi, kwa sauti kama nilivyoahidi, kisha nikamwendea Bi Mwanaidi nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunishika kichwa kama anayehakikisha masikio yapo. Nilipomtazama Bi Rehema alikuwa anachukua mkoba wake.

"Mchezo hauna ila," akasema. "Wa kurekebishwa tumemwona."

Zuhura alinipigia jioni. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliuliza tu, "Mwaka mzima, Swaleh?" Nikaona aibu ambayo ukumbini sikuiona, kwa sababu ile ya ukumbini ilikuwa ya watu na hii ilikuwa ya kweli. Jibu la posa likarudi kwa wazee wangu: bado twauliza.

Basi nikaanza kusimama. Kila asubuhi, vipaza mfukoni, shikamoo bibi. Na nyinyi msidhani salamu ya Bi Mwanaidi ni kama ile ya kwenye gemu, sekunde mbili ukafunguliwa mlango. Anauliza umeamkaje, mama hajambo, yule mjomba wa mguu apoaje, na kazini, na yule paka wenu aliyezaa. Ukimaliza kujibu geti limefungwa kweli. Kazini nilipewa barua ya kuchelewa. Na Hamida naye akatoa apdeti niliyokuwa nikiililia: levo ya tano haikuguswa hata unywele, ila sasa konani hutokea jamaa wa shati jeupe kama langu la kazini, vipaza masikioni, kichwa chini, akikugonga unaanza upya. Watoto wamempa jina la Kiziwi. Nimeambiwa kumkwepa ni rahisi.

Miezi minne ikapita hivyo. Wiki iliyopita nikasimama kama kawaida, nikaulizwa mpaka paka, nikajibu mpaka paka, nikasubiri kuachiwa. Bi Mwanaidi hakuniachia. Aliweka chini mwiko, akasogeza pazia la mlango wake, akasema:

"Pita huku uani."

Nikadhani ananitania. Nikapita. Uani amekaa Bi Rehema juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

Alikuna kifuu kile mpaka kikabaki kitupu. Nikasikia honi ya feri, sikusogea.

"Marahaba," akasema. "Mwanaidi asema siku hizi wasikia."

"Nasikia, shangazi."

"Waambie wazee wako waje Ijumaa."

Nikashukuru, nikalia kidogo (ndiyo, na begi la kazini begani), kisha nikatafuta mlango wa upande wa pili nikimbilie feri. Hakuna. Jamani, uani kwa Bi Mwanaidi hakuna mlango wa nyuma, kuna ukuta na tangi la maji, ikabidi nirudi kulekule nilikotoka, nikaaga upya, nikaulizwa tena habari za mjomba, na feri nikaikosa.

Kwa hiyo levo ya tano ina kosa, kosa la kweli, ushahidi ninao na nimeugusa kwa mkono. Sitaliandika popote.