Kikombe cha Nje

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka moja pale Katoro kutafuta unga wa dengu. Ndiyo tabia yangu nikihamia mji mpya, na nimehamia mingi. Wengine wakifika hutafuta kwanza kanisa, msikiti au baa. Mimi natafuta duka la mtu binafsi, lile la kupima kwa kopo, lenye viroba wazi mlangoni na harufu ya bizari inayokupokea kabla ya mwenye duka. Chakula ninachokipenda kinaanzia hapo, na hakijawahi kunishinda bei. Geita nilikula tambi za Kichina za mama mmoja aliyejifunza kuzikaanga kwa wapishi wa kambi ya mgodi, sahani ya kumshibisha mchimbaji ambaye wiki nzima hajaona kitu. Chato nilipata bajia. Katoro nikampata kijana mwenye unga wa dengu, na pembeni ya mzani wake amepanga makopo ya samli.

"Chukua na samli, mama," akaniambia. "Safi hii. Ng'ombe mtupu."

Nikacheka mpaka akaniangalia vibaya. Yeye alikuwa na wateja wanamsubiri, sikumweleza. Wewe una nafasi, kaa nikueleze.

Nilikulia Shinyanga mjini, kwa bibi mzaa mama. Bibi alifanya biashara ya samli. Kila wiki alipanda gari kwenda Mhunze, akazunguka kwa wafugaji, akinunua kibuyu hapa na nusu kibuyu pale. Akirudi aliichemsha upya, akaichuja kwa kitambaa cheupe ambacho hatukuruhusiwa kukigusa, kisha akaimimina kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko. Nyumba nzima ilinukia. Mpaka leo nikisikia harufu ile najiona nimekaa kwenye kile kigoda, natoa mawe kwenye mchele, na bibi ameinamia sufuria kama anamsikiliza mtu.

Ndoo ile ilikuwa na mteja mmoja. Alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka mtaa wa nyuma ya soko, sisi tukimwita mama wa duka. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye giza, mchele upande huu, dengu na choroko upande ule, na juu ya kaunta chupa za vioo zenye pilipili ya kusaga, manjano, iliki na vitu ambavyo hata majina yake sikuyajua. Nyuma kulikuwa na jiko. Asubuhi alikaanga kachori za viazi na bajia za dengu, akazipanga kwenye sinia, na bakuli la chatne ya ukwaju pembeni. Makarani walikula pale, wapiga debe walikula pale, na wakulima waliokuja kuuza pamba walikula pale, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo sarafu mbili zingekushibisha. Sisi watoto alituuzia chenga za tambi za dengu, zile zilizobaki chini ya kopo, amezifunga kwenye karatasi ya gazeti. Hapo ndipo nilipojifunza kufanya manunuzi peke yangu. Nilikuwa na miaka minane, nimeshika kikapu, nataja mahitaji moja baada ya jingine bila kusoma popote, na mama wa duka ananisubiri nimalize kana kwamba mimi ni mtu mzima.

Usidhani tulimpenda. Mama wa duka hakula nyama, na Shinyanga ile, mji uliozungukwa na ng'ombe pande zote, mtu asiyekula nyama ni kichekesho. Tulimwita mla majani. Tulimwekea mfupa mlangoni tukajificha ng'ambo ya barabara tuone atafanyaje. Alitoka na karatasi, akauokota mfupa kwa ncha za vidole, akaenda kuutupa mbali, akarudi kufagia kizingiti na kukimwagia maji. Tulirudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Tulicheka kila mara kama ni mara ya kwanza.

Na yeye naye alikuwa na yake. Siku ya samli bibi alikaribishwa chai, chai nzuri ya tangawizi na maziwa, lakini aliinywea uani kwenye benchi. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka, na kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko. Vikombe vya ndani vilikuwa vya ndani. Wale wawili waliongea saa nzima, mama wa duka ndani ya mlango na bibi nje, habari za magoti, za mvua, za watoto waliokwenda mbali wasirudi. Mama wa duka alikuwa amejifunza kusema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, na bibi alikuwa amejifunza kutia iliki kwenye uji. Chai ikiisha, bibi alisuuza kikombe mwenyewe na kukirudisha msumarini. Nilimwuliza siku moja kwa nini hanywei ndani. Akaniambia kila nyumba ina mambo yake.

Mimi niliwahi kurudishwa mlangoni. Nilikwenda kununua chumvi, mama wa duka akaninusa, akaniuliza nimekula nini. Nikasema nyama. Akanielekeza kwenye bomba la uani nikanawe kwanza mpaka kwenye viwiko. Watu walikuwa wamejaa dukani. Kwa hiyo nilijua nyama kwake ni mwiko. Nakwambia mapema ili usije ukanionea huruma huko mbele.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, kiangazi kilikaza. Ng'ombe walikonda, maziwa yakakatika, na sikukuu ya Diwali ikakaribia. Kila mwaka mama wa duka ndiye aliyetengeneza ladu za hekalu lao, yale madonge ya unga wa dengu, sukari na samli, na ilikuwa heshima kubwa kwake, mjane asiye na mtoto wa karibu. Alimwomba bibi ndoo iliyojaa. Bibi alikwenda Mhunze mara tatu, akavuka mpaka vijiji ambavyo hakuwahi kufika, akarudi miguu imepasuka. Ndoo ikajaa. Akaiweka juu ya rafu, na kabla ya kwenda kanisani akaniambia nisiiguse.

Niliigusa. Asubuhi ya baridi samli huganda nusunusu, na kipande chake kikikaa ulimini huyeyuka taratibu kama kitu kinachokuaga. Nilipanda kigoda, nikaivuta ndoo, ikainama. Iliyomwagika haikuwa nyingi, vikombe vitatu vinne hivi, lakini sakafu ilikuwa ya udongo, na nilipofungua mlango kutafuta kitambaa mbwa wa jirani akaingia akaimaliza. Ndani ya ndoo palibaki pengo ambalo bibi angeliona kabla hajavua viatu.

Jikoni kulikuwa na chungu cha mafuta ya ng'ombe. Jirani yetu alichinja dume la harusi wiki ile, akatugawia mafuta, bibi akayayeyusha kwa ajili ya kukaangia mboga. Niliyapasha moto, nikayamimina kwenye ndoo, nikakoroga kwa mwiko, nikaiacha igande tena. Rangi ilipauka kidogo tu. Baadaye kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliona samli imetoka kwa ng'ombe na mafuta yametoka kwa ng'ombe, basi kuna tofauti gani. Mtoto yeyote wa Kisukuma angeweza kukosea hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimenawishwa mpaka viwiko. Nilipokuwa nakoroga niliiona sura ya mama wa duka anatafuna, na nikacheka peke yangu.

Zamani mama wa duka alikuwa akiipima samli kwanza. Anaisugua kiganjani, ananusa, anaonja. Kwa bibi alikwishaacha, muda mrefu sana. Siku ile niliibeba ndoo mwenyewe kichwani, bibi akinifuata nyuma, na mama wa duka aliipokea kwa mikono miwili bila kufunua mfuniko. Akanipa kachori mbili. Nilizimaliza njiani.

Siku nne baadaye alikuja nyumbani kwetu. Hakuwahi kufika hata siku moja, ilibidi aulize njia. Alisimama kwenye kizingiti, sari imeshika vumbi, ameshika bakuli lenye samli na donge moja la ladu. Bibi akainuka kumkaribisha ndani. Hakuingia.

"Mama Samli," akasema. "Onja."

Bibi akachovya kidole. Alikuwa amekua na ng'ombe, mafuta ya kila aina aliyajua kwa ulimi kama watu wanavyojua sauti za watoto wao. Uso wake haukubadilika. Aligeuza macho tu, akaniangalia mimi nilipokaa na ungo wa mchele. Nikainama, nikaendelea kutoa mawe.

Mama wa duka alieleza polepole, bila kupaza sauti. Ladu zilipopoa ziliacha utando mweupe kwenye midomo. Mzee mmoja wa hekalu akatema, akasema anajua ni nini. Wengine walikuwa wameshakula, na watoto wamekula. Sinia zote zilirudishwa mlangoni kwake na kuachwa chini.

"Nani ametia?" akauliza.

Nilishika punje moja ya mchele, nikaigeuza na kuigeuza.

"Mimi," bibi akasema.

"Kwa nini?"

"Haikutosha."

Mama wa duka alitikisa kichwa kama mtu asiyesikia vizuri. "Miaka yote hii umekunywa chai yangu."

"Nje," bibi akasema. "Nimekunywa nje."

Sijui alitaka kusema nini hasa kwa neno lile, na sidhani kama aliwaza kabla ya kulisema. Lilikuwa limekaa ndani kwa muda mrefu, nikalitoa mimi kwa mwiko wangu. Mama wa duka aliweka bakuli chini, akaondoka.

Asubuhi tulikikuta kile kikombe cha bati mlangoni, kimefudikizwa. Bibi alikiosha kwa jivu. Akachukua msumari na jiwe, akaugonga kwenye mwimo wa mlango wetu, upande wa nje, akakitundika. Mimi nilisubiri fimbo. Haikuja. Chai ilipoiva alimimina ya kwake kwenye kikombe cha ndani, kisha akatoka, akakishusha kile, akanimiminia, akanipa nikiwa uani.

"Kunywa huko huko," akasema.

Nilikunywa huko mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mvua ikinyesha nilisimama chini ya upenu. Wageni wakiuliza, bibi aliwaambia kwa upole kwamba huyu mtoto anapenda hewa. Hakunitukana, hakunipiga, wala hakumweleza mtu yeyote, hata mama yangu. Nikimaliza, nilisuuza na kukirudisha msumarini.

Biashara ya samli ilikufa wiki ile ile. Hakuna duka la Kihindi mjini lililompokea tena, na Waswahili wenzetu walisema yule bibi anachakachua. Akaanza kuuza mkaa. Mikono iliyokuwa inanukia samli ikawa myeusi mpaka kwenye mistari ya kiganja. Mama wa duka naye hakuagizwa tena ladu. Watu wake waliacha kula chochote kilichotoka mkononi mwake, hata kachori. Wateja wengine walikuwepo, makarani na wakulima, lakini yeye alikaanga kama mtu anayeosha vyombo vya watu wengine. Mwaka uliofuata akauza duka akahama.

Nilimwona tena mara moja, Mwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, natoka mji huu nakwenda ule kama kawaida yangu, nikaingia kwenye kiduka nyuma ya stendi kutafuta tambi za dengu. Alikuwa amekaa kwenye kaunta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikamwamkia shikamoo. Akaniangalia sana.

"Wewe mjukuu ya Mama Samli."

Nikakubali. Akauliza kama bibi yuko hai. Nikamwambia amefariki mwaka juzi, kifua, vumbi la mkaa. Akapangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Samli yake nilikuwa sinusi," akasema. "Dada yangu mwenyewe nanusa yake. Ya bibi yako sinusi. Kwa nini alinifanyia vile?"

Dukani tulikuwa wawili tu. Hakuna aliyenifukuza, na bibi hakuwepo tena wa kulindwa wala wa kuogopwa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lile "mimi" ambalo bibi aliwahi kulisema mbele yangu bila kusita, nikiwa na ungo mapajani.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua ladu moja kwenye sinia, akaifunga kwenye gazeti kama zamani, akakataa hela yangu. Niliila stendi, nimesimama. Ilikuwa tamu, sitakudanganya. Niliramba mpaka karatasi.

Sasa mtaa ule wa Shinyanga siujui tena. Duka ni la vioo vya simu, jiko limekuwa stoo, na bomba la uani nililonawia limekatwa. Ukimwuliza kijana wa pale habari za bajia za dengu atakuelekeza kwenye chipsi. Hekalu sijapita kuliangalia. Mhunze bado wanauza samli, ila inaingia kwenye makopo kama yale ya kijana wa Katoro, na hakuna anayesugua kiganjani.

Nilinunua unga wake, nikanunua na samli. Chumba nilichopanga kina mwenye nyumba mwongeaji, na siku ya kwanza tu aliuliza kwa nini nimegonga msumari nje ya mlango wakati ndani kuna kabati la vyombo. Kikombe kimepata kutu kwenye sikio, ukingo wa buluu umeisha wote. Nimehama nacho miji tisa. Nilimjibu kwamba napenda hewa. Akasema basi nikilete ndani siku moja tunywe chai wote, kama majirani. Nikamshukuru, nikamwambia aninywee yeye huko ndani, mimi nitakaa hapa hapa.