Jiwe la Nguzo ya Kona

Enzi zetu, watu wakiweka ua wa waya, mashine ya kushindilia udongo ilikuwa ni sisi watoto. Mama akisimamisha nguzo anajaza mawe kidogo, udongo kidogo, kisha anatuita tukanyage. Tulizunguka tukiimba nyimbo za Sunday school, vumbi mpaka kwa magoti. Ukikanyaga kivivu unaulizwa, "Wewe, unabembeleza mchanga ama unashindilia?" Malipo ni kiazi kitamu cha jana, na tulikiona keki.

Nguzo ya kona ilikuwa na kazi yake, kwa sababu hiyo ndiyo inavutwa na waya zote. Mama alichimba shimo lingine nje ya kona, tuzike jiwe lililofungwa waya, na waya hiyo irudi kushika nguzo isiinamie ndani. Akaniambia, "Mbula, tafuta jiwe ambalo huwezi kubeba. Ulivingirishe."

Wenzangu walikuwa wamemaliza, wanateleza kwa mchanga wa mto. Nikachukua jiwe ambalo niliweza kubeba. Nililifunga na kulifukia mwenyewe, nikakanyaga haraka haraka.

"Ni kubwa?" Mama akauliza.

"Ni kubwa, Mama."

Hakufukua kuangalia.

Ndani ya ua huo alipanda kunde alizokuja nazo kutoka kwao Zombe alipoolewa huku Mukuyuni. Kunde ndogo, nyekundu, zenye madoa. Ukizichemsha na mahindi, mchuzi unakuwa mzito bila kuongeza kitu. Njaa ilikuwa imetupitia, tukala karibu zote, na mbegu iliyobaki yote ilikuwa hapo. Mvua iliponyesha vizuri mchanga ukalegea, jiwe langu likachomoka, kona ikainama, waya ikalala chini. Mbuzi wetu wenyewe wakaingia tukiwa kanisani. Tulikuta mashina tu.

Mama alisimama hapo na Biblia kwa kwapa. Akasema, "Mchanga wa hapa ni mbaya." Miaka yote mpaka tunamzika, alilaumu mchanga. Mimi nilikuwa na mdomo na sikuutumia.

Juzi mjukuu wangu Mwende alikuwa anaweka waya kwa bustani yake. Siku mbili yeye na fundi wanainamia simu, wanajifunza kusimamisha nguzo.

"Susu, ni kumwaga simiti tu," akaniambia.

"Mwaga. Lakini kwa kona zika jiwe."

"Hayo ni ya zamani, Susu. Huyu wa video hajazika jiwe."

"Na mbuzi wake wako wapi?"

Fundi alicheka mpaka akaweka koleo chini. Vijana wa siku hizi huamini mtu wa mbali ambaye hajawahi kufukuza hata kuku.

Sikubishana. Nilienda nikachagua jiwe mwenyewe, nikalisukuma kwa mguu na fimbo asubuhi nzima, Mwende akipiga kelele eti nitavunjika kiuno. Walipolifunga na kulifukia, niliwaambia wafukue tena nione. Wakanung'unika, lakini wakafukua.

Kona hiyo haitasonga. Leo wana simiti, wana waya nzuri kuliko ile yetu, na ndani wamepanda sukuma wiki ya pakiti kutoka mjini Wote. Zile kunde za Mama nimezitafuta mpaka Zombe. Nikizieleza, wauzaji wananiuliza ni gani hizo.